Damu na Nyumba Inamozaliwa



Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya, niliwasikia vijana wawili wakimzungumzia dada mmoja wa kikundi chetu, ambaye hakuwapo siku hiyo kwa kuwa alikuwa amelazwa tena. Wa kwanza alisema, tena kwa sauti ya huruma: "Yule damu yake ni mbaya." Wa pili akaongeza kwamba kijana anayetaka kumposa na afikiri mara mbili, maana damu mbaya ikiingia katika ukoo haitoki. Sikusema neno. Nilijua kwamba maneno yale hayakuwa ya haki, lakini sikuwa na jibu la kuwapa papo hapo, na kimya changu kimenisumbua tangu siku ile. Haya ninayoandika ni jibu lililochelewa.

Asemaye "damu mbaya" huiwaza damu kama maji ndani ya mtungi: ama ni safi, ama ni chafu, na hakuna zaidi. Lakini damu haikai ndani yetu kama maji yaliyotekwa mara moja. Huzaliwa kila siku, mahali maalumu, mikononi mwa walezi wake. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba damu ya mwenzake inaumwa hana budi kuuliza maswali mawili, kama mkulima aonavyo shamba lake limenyauka: mbegu ikoje, na udongo ukoje? Waganga wenyewe walikaa miaka mingi wakiuliza swali la kwanza tu. Sisi, katika mazungumzo yetu ya barazani, hata hilo la kwanza hatuliulizi vizuri.

Yeyote aliyewahi kuugonga mfupa wa ng'ombe ili anyonye kilichomo ndani anaufahamu uboho. Katika mtu mzima, damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa ya nyonga, ya kifua, ya mbavu, ya uti wa mgongo, na katika ncha za mifupa mirefu. Kila sekunde huzaliwa humo chembe nyekundu zipatazo milioni 2, na kila moja huishi siku 120 hivi kabla ya kuzeeka na kuondolewa. Umati huu wote, pamoja na chembe nyeupe zinazotulinda na vigandisha damu vinavyoziba majeraha, hutokana na chembe chache sana ambazo hapa nitaziita chembe mama za damu.

Chembe mama hizo haziishi peke yake. Zimezungukwa na chembe nyingine zisizokuwa damu wala hazitakuwa damu kamwe: baadhi husuka nyuzi, baadhi hugeuka mfupa, baadhi hugeuka mafuta, baadhi huikumbatia mishipa midogo. Wataalamu huziita chembe za stroma. Neno hili wamelikopa kutoka Kigiriki cha kale, na maana yake ya asili ni kitu kinachotandikwa ili mtu alale juu yake: tandiko au godoro. Jina hilo linaonyesha jinsi zilivyodharauliwa mwanzoni. Nani humwuliza mgonjwa habari za godoro lake?

Walioligeuza swali walikuwa watafiti wa panya. Katika miaka ya 1960, huko Toronto nchini Kanada, James Till na Ernest McCulloch, wakishirikiana na Elizabeth Russell wa Jackson Laboratory, Marekani, walichunguza aina mbili za panya waliozaliwa na upungufu wa damu. Kwa macho usingewatofautisha: wote walikuwa na manyoya meupe na macho meusi, wote walikuwa wagumba, wote damu yao ilikuwa hafifu. Panya wa aina ya kwanza, walioitwa W, walipotiwa uboho wa panya mzima walipona. Panya wa aina ya pili, walioitwa Steel, walipotiwa uboho ule ule mzima hawakupona. Kisha ikaonekana ajabu ya pili, na hapo ndipo fumbo lilipofunguka: uboho wa Steel, yule mgonjwa, ukitiwa ndani ya W, W alipona.

Yatafakarini hayo kidogo kabla ya kuendelea. Damu ya Steel ilikuwa njema. Mbegu yake haikuwa na kasoro hata moja. Iliweza kumponya jirani. Kilichopungua ni malezi ndani ya mifupa ya Steel mwenyewe. Kama panya wale wangekuwa watu wa mtaa wetu, tungesema kwamba wote wawili wana "damu mbaya", na kwa mmoja wao tungekuwa tumemsingizia. Miaka ishirini na kitu baadaye, kati ya 1988 na 1990, sababu ilijulikana wazi. Jeni ya Steel hutengeneza protini ambayo chembe za stroma huitoa ili kuzilisha na kuzihimiza chembe mama. Jeni ya W hutengeneza kipokezi kilicho juu ya chembe mama, kama sikio linalosikia sauti hiyo. Mmoja alikosa sauti, mwingine alikosa sikio, na ugonjwa wao ukafanana.

Wengine walikuwa wamelifikia jambo hilo kwa njia tofauti. Huko Moscow, Alexander Friedenstein na wenzake walionyesha kwamba zimo katika uboho chembe zinazong'ang'ania chini ya bakuli la maabara, na kwamba zikipandikizwa ndani ya mnyama hujenga kipande cha mfupa, kisha damu ya mnyama huyo huja kukaa humo. Ukijenga nyumba, mpangaji anakuja mwenyewe! Mnamo 1977, huko Manchester, Uingereza, Michael Dexter alifaulu kuilea damu ya panya ndani ya chupa kwa miezi kadhaa, na siri yake ilikuwa kusubiri kwanza tandiko la chembe za stroma lienee chini ya chupa. Mwaka uliofuata Ray Schofield, wa mji huo huo, akapendekeza kwamba kila chembe mama ina mahali pake pa kukaa panapoifanya ibaki chembe mama. Ikitoka hapo hubadilika. Mahali hapo alipaita kwa neno ambalo sisi, kwa Kifaransa chetu cha shule, twalijua kutokana na kuta za makanisa: niche, shubaka la ukutani anamosimamishwa mtakatifu wa mawe. Jina limedumu hata leo.

Mpaka hapo mtu angeweza kusema: vema, nyumba mbovu humnyima mtoto chakula, lakini je, yaweza kumharibu? Mnamo 2010 watafiti wa Boston walitoa jibu la kutisha. Katika panya, waliifuta jeni moja, Dicer1, ndani ya chembe changa zinazojenga mfupa, na humo tu. Chembe za damu hawakuzigusa. Hata hivyo damu ya panya wale ilianza kukua vibaya, chembe zikatoka na maumbo yasiyofaa, na baadhi yao wakapata leukemia, yaani saratani ya damu. Sitaki mtu achukue habari hii ya panya akaitangaza kana kwamba kila leukemia ya binadamu huanzia kwa walezi. Haijathibitishwa hivyo, na nyingi huanza na kosa ndani ya chembe ya damu yenyewe. Lakini hata kwa binadamu kuna dokezo. Imetokea, kwa nadra, mgonjwa akapandikizwa uboho wa ndugu mzima, na chembe hizo za ndugu zikageuka leukemia ndani ya mwili wa aliyezipokea, huku ndugu aliyezitoa akibaki salama. Sababu zaweza kuwa kadhaa. Moja inayochunguzwa ni nyumba zilimokaribishwa.

Mara nyingi zaidi, katika magonjwa ya watu, uharibifu huenda pande zote mbili, na hapa ndipo naona tunapaswa kuwa makini. Chukueni mielofibrosisi, ugonjwa ambao uboho hujaa kovu. Kosa la kwanza limo katika chembe za damu. Mwaka 2005 liligunduliwa badiliko katika jeni iitwayo JAK2 ambalo karibu nusu ya wagonjwa hawa wanalo. Lakini kovu lenyewe halifumwi na chembe hizo potovu. Hufumwa na chembe za stroma, ambazo hazina badiliko hilo, kwa sababu jirani zao wagonjwa wamezipigia kelele mchana na usiku hata zikaacha kulea na kuanza kusuka nyuzi. Uboho unakuwa mgumu, damu inakosa pa kuzaliwa, inahamia kwenye bandama, nayo bandama inavimba. (Kwetu bandama iliyovimba kwa kawaida huwa ni kazi ya malaria, kwa hiyo mtu asijipime mwenyewe kwa kujishika tumbo.) Katika mieloma, saratani ya chembe nyeupe zinazotengeneza kinga, stroma huwapa wavamizi chakula kiitwacho interlukini-6 na kuwaficha wasifikiwe na dawa. Katika leukemia, chembe chache za ugonjwa hujibanza ndani ya mashubaka yale yale yaliyowekwa kwa ajili ya chembe mama; mgonjwa anaonekana amepona, familia inashukuru, kisha baada ya miezi ugonjwa unarudi. Mlezi hajui kubagua. Anayeingia shubakani hulelewa.

Kwa kuwa waganga sasa wanalijua hilo, wanatafuta dawa za kulegeza mshiko huo. Ipo moja, plerixafor, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, inayokata kamba ya kikemia ambayo stroma huitumia kuzishikilia chembe mama ndani ya mfupa. Hutumiwa kuzitoa chembe hizo zielee katika damu ili zikusanywe kwa ajili ya upandikizaji. Na upandikizaji wenyewe hutufundisha jambo ambalo watu wachache hulisikia: mtu akipandikizwa uboho, damu yake mpya ni ya ndugu aliyempa, lakini stroma kwa sehemu kubwa hubaki ile yake ya kuzaliwa. Mbegu ni ya mgeni, udongo ni wa mwenyeji. Hivyo basi hata mgonjwa ambaye "damu yake ilishindikana" alikuwa na kitu kizima ndani yake, kilichoweza kumpokea mgeni na kumlea hadi mwisho.

Narudi sasa kwa dada yetu. Ana SS, ugonjwa wa selimundu, ule ambao waganga wa kwetu huuita drepanositozi, na ameniruhusu kuuandika. Lazima niseme ukweli wote: katika SS kosa la asili ni la mbegu, wala si la udongo. Ni herufi moja iliyobadilika katika jeni ya hemoglobini, iliyorithiwa kwa baba na kwa mama pamoja. Wala si jambo geni kwetu. Utafiti uliofanywa Kinshasa kwa watoto wachanga zaidi ya 31,000, ukachapishwa mwaka 2009, uliona kwamba 1.4% walikuwa SS, na karibu 17% walikuwa AS, yaani wamebeba jeni moja bila kuugua. Kwa hiyo, katika kwaya ya vijana thelathini, kwa wastani watano wana AS, na pengine mmojawapo ni yule aliyesema "damu mbaya".

Hata hivyo uboho haukosi kuteseka. Chembe nyekundu za mwenye SS huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, basi kiwanda hulazimika kufanya kazi bila kupumzika. Zikipindika kama mundu, huziba mishipa midogo ndani ya mfupa. Sehemu ya uboho hukosa hewa na kufa, na hayo ndiyo maumivu ambayo dada yetu huyaita "usiku wa misumari". Zikiziba penye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa wenyewe huporomoka. Sehemu ya nyonga yake ya kushoto imekufa hivyo. Walezi wa damu, mishipa yao na tandiko lao hupigwa na damu ile ile waliyoilea. Ndiyo maana naona kwamba kumhukumu mtu huyu kwa neno moja ni uvivu wa akili kabla ya kuwa ukosefu wa upendo: ndani ya mifupa yake kuna vita vyenye pande nyingi, nasi twataka kuvimaliza kwa sentensi ya barazani.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa kuwa nimekwisha kulisikia. "Yaya, unatuletea panya wa Toronto, na sisi hospitalini hata chupa ya damu tunaitafuta kwa kuwapigia simu ndugu saa sita za usiku." Ni kweli. Upandikizaji wa uboho umewaponya watu wenye SS. Mgonjwa wa kwanza aliandikwa mwaka 1984 huko Marekani, mtoto aliyepandikizwa kwa sababu ya leukemia na SS yake ikaondoka pia. Lakini huhitaji ndugu anayelingana, na kwa kila ndugu wa tumbo moja nafasi ni moja kati ya nne, tena huhitaji fedha na vyumba ambavyo wengi wetu hatutaviona. Sidai kwamba elimu hii italeta mashine kesho. Nadai kwamba itatuondolea uongo leo, na uongo una gharama yake. Mtoto anayeugua kila mwezi huku ndugu zake ni wazima ameitwa mchawi katika nyumba zaidi ya moja ninayoijua. Mama yake ameambiwa kwamba ukoo wake umelaaniwa. Watu hao walipoteza miezi kwa mfumu, na homa ya mtoto mwenye SS haisubiri hata siku moja.

Tena kuna uongo mpya unaovaa koti jeupe. Duniani sasa kuna wanaouza sindano za chembe za stroma kama dawa ya kila kitu: magoti, kisukari, upofu, uzee. Matangazo yao yanafika hata kwenye simu zetu. Ni vema kujua kilicho kweli. Mwaka 2004 waganga wa Stockholm, Sweden, walitangaza habari za mvulana wa miaka 9 aliyekuwa na leukemia, ambaye baada ya kupandikizwa, chembe za kinga za mgeni ziliushambulia utumbo na ini lake hata dawa zote zikashindwa. Walichukua chembe za stroma kutoka uboho wa mama yake, wakazikuza, wakamtia, na mashambulizi yakatulia. Kutokana na njia hiyo, dawa ya namna hii ilikubaliwa Japani mwaka 2015, na Marekani mnamo Desemba 2024 kwa watoto wenye tatizo hilo hilo ambao dawa za kawaida zimeshindwa kuwasaidia. Ni jambo kubwa, lakini mpaka wake ni mwembamba: chembe hizo hutuliza vita baada ya upandikizaji. Haziponyi SS wala leukemia. Na zile chupa nyekundu za "kuongeza damu" zinazouzwa sokoni hazifiki kwenye shubaka lolote. Kwa mwenye SS aliyeongezewa damu mara nyingi, madini ya chuma yasiyoagizwa na mganga yaweza hata kumdhuru.

Kwa hiyo, mnaochumbiana, nendeni mkapime hemoglobini kwa elektroforesi mapema, kabla mioyo na familia hazijafungana, wala msiwaachie wazazi waulizane kwa minong'ono kuhusu ukoo. Wawili wenye AS wajue kwamba katika kila mimba hatari ya SS ni moja kati ya nne, kisha waamue wakiwa na macho wazi. Walio wazima na wenye uzito wa kutosha watoe damu kabla simu ya saa sita za usiku haijalia. Na kikundi chetu kijue dalili: homa, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla machoni. Hizo ni za kupelekwa hospitalini usiku ule ule.

Wale vijana wawili nimewatafuta. Mmoja amehama mji. Mwingine alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama yeye mwenyewe aweza kuwa AS bila kujua. Nilimwambia ndiyo. Amekwisha kupima, na majibu yake ni yake.

Dada yetu amerudi kwaya tangu majuma mawili, kwa fimbo. Nilimpa makala haya ayasome kabla hayajatoka. Aliyarudisha na sahihisho moja tu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba mifupa yake imekufa, akapiga mstari, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "sehemu ya nyonga ya kushoto." Nimeacha kama alivyoandika.